Chatiboti ilituambia kijana ataanza Jumamosi

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumbani ni Kigoma. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa pili chuoni, jimbo jingine, na anacheza futiboli ya Kimarekani, kwenye ile safu ya mbele inayomkinga kotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi. Msimu uliopita timu yake ilikuwa inakuja kucheza ugenini, mahali ambapo si mbali sana na sisi. Nikaiuliza chatiboti kama kijana atacheza. Ikanijibu bila kusita: yumo kikosi cha kwanza, upande wa kushoto. Tukapakia sufuria la pilau, tukaendesha gari kwa muda wa saa tano, mama yake amevaa jezi yenye namba ya mwanawe. Kijana hakuwepo hata benchi. Kumbe timu haikusafiri naye. Tangu siku hiyo dada hataki kusikia habari za akili mnemba. Mimi bado naitumia, maana wenzangu kazini hawana mazungumzo mengine ila kikosi cha Ohio State, chuo cha hapa mjini, nami sitaki kukaa kimya. Je, inafaa kwa kazi hii, au niachane nayo?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na pole kwa safari ile. Mfikishie pole dada pia. Mzazi aliyevaa namba ya mtoto wake akamtafuta uwanjani kwa macho asimwone, hilo si jambo dogo.

Usiachane nayo. Ila umeitumia kama shahidi, na yenyewe ni msomaji tu. Ukiipa karatasi itakusomea vizuri na haraka kuliko mimi na wewe. Ukiiuliza yaliyo kambini kwa kocha, itakusimulia kambi ya mwaka juzi kwa sauti ya mtu aliyetoka huko asubuhi hii.

Niwaeleze kwanza wasomaji wengine tunachozungumzia. Kwenye futiboli ya Kimarekani wanaingia uwanjani wachezaji 11 kwa 11, lakini wanaoshambulia si wale wanaolinda. Kwa hiyo timu moja ya chuo ina vikosi viwili kamili, na bado kuna wapigaji mpira kwa mguu. Jedwali la kikosi ni karatasi inayoonyesha, nafasi kwa nafasi, nani anaanza, nani yuko nyuma yake, na pengine wa tatu ni nani. Tangu 2025, vyuo vilivyojiunga na mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vina kikomo cha wachezaji 105. Watu 105, na wengi wao hutawasikia wakitajwa redioni hata mara moja.

Sasa chukua timu iliyo mlangoni kwako. Mwaka 2022 kotabeki wa Ohio State alikuwa C.J. Stroud. Mwaka 2023 alikuwa Kyle McCord, na msimu ulipokwisha akahamia Syracuse. Mwaka 2024 akaletwa Will Howard kutoka Kansas State, akatwaa ubingwa wa taifa tarehe 20 Januari 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23, kisha akaenda zake NFL, ligi ya kulipwa. Mwaka 2025 nafasi ikashikwa na Julian Sayin, ambaye naye alifika mwanzoni mwa 2024 akitokea Alabama, baada ya kocha Nick Saban kustaafu. Misimu minne, makotabeki wanne, wawili kati yao wametoka vyuo vingine. Hiyo ndiyo nafasi inayoandikwa kuliko zote, katika timu mojawapo inayoandikwa kuliko zote.

Chatiboti hujifunza kutokana na maandishi mengi mno hadi tarehe fulani, halafu masomo yanafungwa. Ukiiuliza bila kuiruhusu itafute mtandaoni, inachota kwenye hayo. Na maandishi hayalingani uzito. Mchezaji aliyecheza misimu miwili ameandikwa maelfu ya mara. Aliyepewa nafasi Agosti hii ameandikwa kidogo sana, au bado kabisa. Ndiyo maana inamrudia yule wa zamani. Zamani hilo lisingekuwa tatizo kubwa, kwa sababu mchezaji akiingia chuo alikaa. Lakini potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ilifunguliwa Oktoba 2018. Mwaka 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 hata hiyo "mara moja" ikaondolewa kwa anayefaulu masomo yake. Timu ya Desemba na timu ya Agosti siku hizi zinaweza kuwa watu tofauti wenye jezi za rangi moja.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Chatiboti hukosea zaidi kadiri unavyoshuka kwenye jedwali. Kotabeki itapata mara nyingi. Mpokeaji wa kwanza, mara nyingi. Lakini akiba wa mkingaji wa kushoto, kijana wa mwaka wa pili ambaye hakuna gazeti lililowahi kumtaja zaidi ya siku aliyosaini? Hapo haina cha kusoma. Na haipendi kunyamaza. Itachukua jina lililo kwenye orodha ya wachezaji, itachukua nafasi inayofanana na kimo na uzito wake, itaunganisha, na sentensi itatoka imenyooka kabisa. Nadhani hivyo ndivyo mpwa wako alivyopandishwa kikosi cha kwanza. Jina lake ni la kweli, chuo ni cha kweli, nafasi ni ya kweli. Neno "anaanza" ndilo lililotungwa.

Ukitaka kuiona hali hiyo kwa macho yako, iulize kama ulivyoiuliza siku ile, kisha andika maneno mawili tu: "Una uhakika?" Mara nyingi itaomba radhi na kukupa jina jingine, kwa uhakika ule ule wa mwanzo. Mtu anayejua habadiliki kwa kuulizwa kama ana uhakika.

Utasema: lakini siku hizi inatafuta mtandaoni. Ni kweli, na inasaidia. Shida ni kile inachokipata. Kuna jedwali la timu yenyewe, linalotolewa wiki ya mechi pamoja na karatasi za waandishi wa habari. Kuna utabiri wa mwandishi, uliochapwa Juni wakati hata mazoezi ya kiangazi hayajaanza. Kuna tovuti zinazojaza majedwali ya timu zote kwa mashine, na nyingine hazijaguswa tangu msimu uliopita. Chatiboti ikizikusanya hizo tatu huzichanganya kwenye jibu moja, na hukuti palipoandikwa ipi ni ipi. Kabla hujaamini jina lolote, iombe tarehe ya ukurasa na nani kauandika, kisha ufungue ukurasa huo wewe mwenyewe. Ikishindwa kukupa, jina hilo liweke kando.

Majina nayo yanaitega. Mwambie rafiki yako wa kazini akutajie Josh Allen. Atakwambia kotabeki aliyetoka Wyoming, aliyechaguliwa wa 7 kuingia NFL mwaka 2018. Lakini Josh Allen mwingine, mlinzi wa Kentucky, alichaguliwa wa 7 pia, mwaka 2019. Siku hizi anajiita Josh Hines-Allen. Kuna Miami ya Florida na Miami ya Ohio, ambayo haiko mbali na wewe. USC kwa wengi ni Southern California, lakini wa South Carolina nao hujiita hivyo hivyo. Ukiandika "Tigers" unaweza kumaanisha Auburn, LSU, Clemson au Missouri. Andika jina la chuo kamili, jimbo, na mwaka wa msimu, kila mara, hata kama unaona unajirudia.

Halafu kuna mtego unaotuhusu sisi tunaouliza kwa Kiswahili, na sijaona mtu akiusema. Chatiboti huzungumza Kiswahili kizuri siku hizi, lakini mchezo huu haujapata majina ya nafasi yaliyokubalika katika lugha yetu. Ukiiachia, itatafsiri. Mkingaji aitwaye guard itamwita "mlinzi", na sikio letu lililolelewa na soka likisikia mlinzi linawaza beki, mtu wa nyuma. Kumbe guard ni mshambuliaji kwa maana ya kikosi. Kazi yake ni kumfungulia njia mwenzake mwenye mpira. Safety, ambaye ndiye mlinzi wa nyuma kabisa, nimeshaona akiitwa "usalama". Center akawa "kituo". Baada ya majibu matatu ya namna hiyo huwezi tena kujua mpwa wako yuko upande gani wa mpira, na chatiboti yenyewe inaanza kuchanganya kwa sababu inasoma maneno yake mwenyewe ya juu. Mimi huzungumza nayo Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ila vifupisho vya nafasi huviacha kama timu ilivyoviandika: LT, LG, C, RG, RT kwa wale wakingaji watano kutoka kushoto kwenda kulia. Hivyo havitafsiriwi.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya. Siiulizi kwanza. Kwanza nafungua tovuti rasmi ya timu na kuchukua vitu vitatu: orodha ya wachezaji wote ya msimu huu, karatasi za wiki hii zenye jedwali, na ripoti rasmi ya takwimu za mechi iliyopita. Hiyo ya tatu watu huisahau, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu inaandika nani alianza na nani aliingia uwanjani. Jedwali ni maneno ya kocha kabla ya mechi. Ripoti ni kilichotokea. Kisha navipakia vyote kwenye chatiboti na kuiandikia hivi:

"Tumia karatasi nilizokupa tu. Usitumie kumbukumbu yako wala usitafute mtandaoni. Kwa kila nafasi niandikie jina, namba ya jezi, karatasi ulikoliona jina hilo na tarehe ya karatasi. Palipoandikwa OR pabaki OR. Vifupisho vya nafasi usivitafsiri. Usipoliona jina, andika 'halipo', usikisie."

Kuhusu hiyo OR: ni "au" ya Kiingereza, na makocha wanaipenda sana. Wanaandika mchezaji huyu AU yule, maana yake bado hawajaamua, au wameamua na hawataki mpinzani ajue. Chatiboti isipoonywa humchukua wa kwanza kwenye mstari na kumtawaza. Mara nyingi majina hayo yamepangwa kwa alfabeti tu.

Hata ukifanya yote hayo, soma inachokurudishia. Msimu mmoja niliipa faili la timu fulani, kurasa nyingi, na jedwali limechapwa safu mbili: washambuliaji kushoto, walinzi kulia. Badala ya kusoma kushuka, ikasoma kukata ukurasa, kama mtu anayesoma gazeti kwa kuruka mstari unaotenganisha habari mbili. Akiba wa LG akawa amefungwa kwenye mstari wa mlinzi wa kati aliye upande wa pili wa karatasi. Majina yote yalikuwa sahihi, namba zote sahihi, na jedwali lote halina maana. Nililigundua kwa namba za jezi. Safu ya wakingaji watano huvaa kati ya 50 na 79. Mimi nikaona 96 amekaa katikati yao.

Namba hizo zitakusaidia sana, ila nazo zina kasoro yake. Jezi za vyuo zinaanzia 0, iliyoruhusiwa mwaka 2020, hadi 99. Hizo ni namba 100. Wachezaji 105 hawawezi kuzigawana bila kurudia, na kanuni inaruhusu wawili wavae namba moja mradi wasiwe uwanjani pamoja. Kwa hiyo chatiboti ikisoma kwamba "namba 5" alikamata mpira, inaweza kumpa sifa mlinzi wa mwaka wa kwanza mwenye 5 ile ile. Namba na nafasi viende pamoja daima.

Kuna pia vijana wanaotoweka. Kanuni ya 2018 iliruhusu mchezaji acheze hadi mechi nne katika msimu na bado mwaka huo usihesabiwe kati ya miaka yake minne ya kucheza. Makocha wamekuwa wakiitumia nafasi hiyo kuwaonjesha vijana mechi kisha kuwahifadhi. Ukiiuliza chatiboti kwa nini fulani hajaonekana tangu Oktoba, itakutungia jeraha. Usikubali kamwe jeraha lililotoka kwenye chatiboti. Ni mwili wa mtoto wa mtu, na uvumi wa namna hiyo unamfikia mama yake kabla haujamfikia daktari wa timu. Kwa habari za nani yupo na nani hayupo, Big Ten, ligi ya vyuo ambayo Ohio State imo, ilianza mwaka 2023 kutoa taarifa dakika 120 kabla ya mechi. SEC, ligi nyingine ya vyuo, ilifuata mwaka 2024, na yao inaanza Jumatano kisha inarekebishwa mpaka dakika 90 kabla ya mpira kuanza. Hizo ndizo za kufungua, na huhitaji akili mnemba kuzisoma. Ni orodha fupi ya majina.

Na wenzako wa kazini wakikubana sana na jedwali lao, wakumbushe msimu wa 2014, hapo hapo Columbus. Kotabeki wa kwanza, Braxton Miller, aliumia kabla msimu haujaanza. Wa pili, J.T. Barrett, akaumia kwenye mechi na Michigan. Wa tatu, Cardale Jones, akaanza mechi yake ya kwanza kwenye fainali ya Big Ten, wakaifunga Wisconsin 59 kwa 0. Akaifunga Alabama 42 kwa 35. Akaifunga Oregon 42 kwa 20 na kombe likaja nyumbani tarehe 12 Januari 2015. Au Alabama yenyewe, tarehe 8 Januari 2018: Jalen Hurts alianza fainali dhidi ya Georgia, wakati wa mapumziko akatolewa, akaingia Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza, na mpira wake wa yadi 41 kwa DeVonta Smith kwenye muda wa nyongeza ukamaliza kazi, 26 kwa 23. Jedwali la asubuhi ya siku ile lilikuwa sahihi kabisa, na halikusema lolote kuhusu usiku wake. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado namsoma kwanza yule aliyeandikwa wa pili na wa tatu. Huko ndiko kuna habari.

Sasa tumrudie kijana. Safari yenu iliharibika mara mbili. Chatiboti ilidanganya kuhusu kuanza, hilo umeshaliona. Lakini hata jedwali la kweli lisingewaokoa, kwa sababu mechi ilikuwa ya ugenini. Ligi nyingi huweka kikomo cha wachezaji wa kusafiri, na anayeachwa nyumbani ni yule wa tatu kwenye nafasi yake, mara nyingi kijana wa mwaka wa kwanza au wa pili. Mechi ya nyumbani ni tofauti: anaweza asicheze hata dakika moja, lakini atavaa, atakuwepo pembeni mwa uwanja, na mama yake atamwona. Kama ni kuchagua mechi moja kwa mwaka, chagueni ya nyumbani, hata kama ni mbali zaidi. Ikiwezekana iwe ile ambayo timu yake inatarajiwa kushinda kwa mbali, kwa sababu robo ya mwisho ya mechi ya namna hiyo ndipo makocha wanapowaingiza vijana. Hapo chatiboti inaweza kukusaidia kweli: ipe ratiba ya msimu na ripoti za mechi za mwaka jana, iulize ni mechi zipi za nyumbani wachezaji wa akiba waliingia kwa wingi. Kazi ya kupekua ripoti kumi na mbili kwa mkono ingekula Jumapili yako yote.

Kisha mpigie yeye mwenyewe. Muulize mambo mawili: yumo kwenye orodha ya watakaovaa, na anataka mje? Usimuulize nani kaumia wala nani ataanza. Kanuni za NCAA zinamkataza kutoa habari za ndani kwa watu wanaobeti. Neno alilomwambia mjomba wake jikoni likifika kazini kwako na mwenzako mmoja akaliwekea pesa, anayeulizwa ni kijana. Akisita kuhusu swali la pili, msimshinikize. Vijana walio wa tatu kwenye jedwali mara nyingine huona haya familia kusafiri mbali kuwaangalia wamesimama. Dada amwambie mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba atakuja hata kama ni kumwona amesimama.

Uliniuliza pembeni kama ulipie toleo la chatiboti la kulipia kila mwezi. Kwa timu mbili, ya kijana na ya hapo mjini, toleo la bure linatosha. Bandika karatasi za wiki hiyo tu badala ya faili zima. Anza na ya Jumamosi hii. Ukiona 96 kati ya wakingaji, nitumie picha ya karatasi tuiangalie pamoja.